Sema Huna Mtoto

KHEIRIA: Haloo. Nani mwenzangu?

YAARUB: Masalkheri, Mama. Mimi, Yaarub.

KHEIRIA: Masalkheri, baba. Mbona sauti yaja yaenda?

YAARUB: Niko njiani, narudi nyumbani Al Amerat. Hapa kwenye majabali mtandao mbovu. Mama, zile nyumba za kulelea wazee —

KHEIRIA: N'shachagua. Ile ya Barka. Ina baraza, na wenzangu wawili wa Unguja. Tutategeana vitendawili mpaka —

YAARUB: Ya Barka haiwezekani.

KHEIRIA: Ulinambia n'chague mwenyewe.

YAARUB: Wanataka mtoto aende kila Ijumaa, atie saini. Ijumaa tunamtembeza mama yake Bashayer.

KHEIRIA: Mkweo? Yule mnaekaa naye?

YAARUB: Anachoka kukaa ndani, Mama.

KHEIRIA: Haya. Na ile nyengine?

YAARUB: Ya njia ya Nizwa. Ile haitaki mtu kwenda. Nimeshajaza karatasi. Saa kumi atakupigia mwanamke, Bi Hind, akuulize mawili matatu. Jina, umri, maradhi, na kama — [mkwaruzo]

KHEIRIA: Sikukusikia.

YAARUB: Kama una mtoto.

KHEIRIA: Nitamwambia nnaye, Yaarub, ana kazi yake bandarini —

YAARUB: Usimwambie hivyo. Wanachukua wasio na mtu. Nimeandika huna.

KHEIRIA: Sina nini?

YAARUB: Mtoto. Maneno ya karatasi tu, Mama.

KHEIRIA: Na aliyeijaza hiyo karatasi ni nani?

YAARUB: Nimejiandika jirani.

KHEIRIA: Na wajukuu zangu?

YAARUB: Watoke wapi, na mtoto huna? Hebu tujaribu. Mimi ndo Bi Hind. Una watoto, bibi?

KHEIRIA: Nnaye m —

YAARUB: Mama.

KHEIRIA: Kitendawili.

YAARUB: Kadi ya simu inakwisha, Mama.

KHEIRIA: Kitendawili.

YAARUB: Haya, tega.

KHEIRIA: Nilimfunza kuishika, kanifuta nayo.

YAARUB: Sijui. Kitambaa.

KHEIRIA: Nipe mji.

YAARUB: Chukua Maskati.

KHEIRIA: Nimekwenda Maskati, nimekula halua, nimerudi. Kalamu.

YAARUB: Umemaliza? Una watoto, bibi?

KHEIRIA: Sina.

YAARUB: Usiseme kwa kilio, atashuku.

KHEIRIA: Nilikuwa naye mmoja. Kafa.

YAARUB: Enhe. Hiyo nzuri zaidi. Atakuuliza lini.

KHEIRIA: Sema wewe.

YAARUB: Tisini na saba.

KHEIRIA: Mwaka uliooa.

YAARUB: Basi tisini na nane, tusisumbuane. Ajali ya gari.

KHEIRIA: Kazikwa wapi?

YAARUB: Hayo hawaulizi.

KHEIRIA: Nauliza mimi. Mwanangu kafa miaka minane, sijamsomea hata Yasini. Watu watanionaje?

YAARUB: Watu gani? Bi Hind hakujui.

KHEIRIA: Bi Thuwaiba yupo hapa barazani na mashoga zangu, wamekuja kunywa kahawa. Juzuu zote ziko kabatini. Nitawaambia leo tumsomee Yaarub khitma.

YAARUB: Mama, usifanye hivyo. Bi Thuwaiba jana kaniona sokoni Matrah. Itafika kwa Bashayer, itafika kazini —

KHEIRIA: Siwezi kwenda kusema mwanangu kafa, na mimi sijamrehemu. Kwetu hakuna hayo.

YAARUB: Mtu hai hasomewi khitma.

KHEIRIA: Nani huyo aliye hai? Jirani?

YAARUB: [mkwaruzo] — Mama, subiri, nageuza gari. Usiite mtu. Tutazungumza habari ya Barka, tutazung —

KHEIRIA: Sikusikii, baba. Uko kwenye majabali. [mbali na simu] Mashoga, njooni ndani, mtie udhu. Bi Thuwaiba, nipokee juzuu hizi, umpe kila mmoja yake. Khitma ya Yaarub wangu.

YAARUB: Mama? Mama, rudi kwenye simu.

KHEIRIA: [mbali na simu] Eee, kafa. Nimepata habari sasa hivi, kwa simu.

YAARUB: Ma —

[Kadi imekwisha.]