Ijumaa Tano za Fortunata Yonathani Nzunda (1994–2025)

Fortunata alizaliwa Igamba, wilayani Mbozi, tarehe 14 Machi 1994, mtoto wa pili wa Mzee Yonathani Nzunda na Mama Ketrina. Akiwa na miaka tisa alimsindikiza baba yake kuuza kahawa. Mnunuzi alipotaja jumla, mtoto alivuta shati la mzee akasema taratibu, "Baba, tumepunjwa kilo nne." Magunia yakapimwa upya, na kweli zilikuwa nne. Nyumbani tulimtania kwa jina la Mzani mpaka alipoolewa.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2012 na cha sita mwaka 2015, Hisabati akipata A. Chuo hakwenda, maana mwaka ule kahawa ya nyumbani iliingiwa na ugonjwa. Alihamia Tunduma akafungua kibanda cha vitenge, akiuzia hadi wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia. Tarehe 6 Julai 2019 alifunga ndoa na Kefa Simbeye, wakajaliwa mtoto mmoja, Lucky.

Sehemu inayofuata wengine tulitaka irukwe. Mzee alisema aibu ya mtoto huzikwa naye. Mama Ketrina akajibu, "Mwanangu hakuiba. Andikeni."

Februari 2023 Fortunata alichukua mkopo wa mitaani, ule uitwao kausha damu, laki sita, riba asilimia kumi. Alidhani ni kumi kwa mkopo mzima, kumbe ni kila wiki. Kwa miaka kumi na tatu ya shule, hakuna aliyemfundisha kuuliza riba ni ya muda gani. Kwa wiki thelathini alilipa milioni moja na laki nane, na laki sita zenyewe zikabaki palepale. Deni hilo alimficha mumewe. Maji yalipomfika shingoni, wakopeshaji wakaja wakabeba vitenge vyote mbele ya wateja wake. Inatuuma kuyaandika haya.

Agosti 2024 alirudi katika shule aliyosoma, akamwomba Mwalimu Samwel, wa Hisabati pale, Ijumaa kumi na mbili za kukifundisha kidato cha tatu mambo ya mikopo. Alikuja na mkataba wake mwenyewe wa mkopo ule, wakausoma mstari kwa mstari. Binti mmoja alimuuliza kwa nini hakuuliza kabla ya kutia saini.

"Niliona aibu, mtu mwenye A ya Hisabati," akasema. "Ninyi ulizeni, hata mtu akikunja uso."

Alifundisha Ijumaa saba. Tarehe 18 Septemba presha ilipanda, akapooza upande wa kulia. Kefa alimuuguza, akimlisha kwa kijiko, hadi alipofariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Ameacha mume, mtoto wa miaka mitano, wazazi wote wawili, na dada yake Violet.

Kama ilivyo desturi, anayemdai marehemu au kudaiwa naye aonane na familia. Deni moja tunalitaja hapa hapa. Wanafunzi wale sasa wako kidato cha nne, wamekaa pale na sare zao, na wanamdai Ijumaa tano. Violet atakuja darasani kwao Ijumaa ijayo na mkataba uleule.

Pumzika sasa, Fortunata. Zilizobaki tutazifundisha sisi.