Mbao Thelathini na Sita za Sajini Kalilangwe

Ijumaa tarehe 30 Juni, Sajini Fyson Kalilangwe wa Platuni ya Pili anastaafu baada ya kulitumikia jeshi miaka ishirini na tisa. Wasifu wake nilikwisha kuuandika wiki tatu zilizopita, tena ulikuwa mzuri, na mpiga chapa alikuwa nao. Imebidi niurudishe nianze upya. Kambi nzima ya Kaphiri bado imeshika kichwa, na mimi niliyekaa naye stoo moja miaka kumi na minne nimekishika kwa mikono miwili. Mwenyewe ameniruhusu niyaseme haya yote.

Tuanze na yale yanayojulikana. Alitoka Ntchisi mwaka 1994, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye viatu vya kuazima, na tangu hapo makuruti waliopita mikononi mwake hawahesabiki. Walimwita Chigayo, kwa sababu amri yake ilikuwa kama mashine ya kusagia mahindi iliyowashwa mlangoni kwako. Kuku wa nyumba za maofisa walisimama mguu sawa.

Alikuwa na masharti yake. Ukiongea naye, uinue uso. "Usiiambie ardhi," alikuwa akisema. "Ardhi haikuajiriwa. Niambie mimi." Wako wanaume wazima leo, wengine wamestaafu kabla yake, wanaokiri kwamba hata posa walikwenda kuitamka wakiwa wamemkodolea macho baba mkwe kama wako mbele ya Chigayo.

Halafu kulikuwa na kuita majina asubuhi. Platuni nyingine huitwa uwanjani. Yeye tangu mwaka 2006 aliwaingiza watu wake kwenye ule ukumbi wa zamani wenye sakafu ya mbao, akidai kwamba umande unaharibu viatu. Na ukiitwa jina hukuitikia kwa mdomo. Uliinua mguu ukapiga buti moja tu, likatoka moyoni. Wenzetu walitucheka sana, wakatuita watwanga mahindi. Baada ya miaka michache wakaanza kutuiga, maana ilipendeza.

Lakini lililotutisha lilikuwa masikio yake. Kuruti angeweza kusimama ng'ambo ya uwanja, akamnong'oneza mwenzake kwamba Chigayo ana tumbo la kunguni aliyeshiba. Kabla hajafunga mdomo, sauti ilimfikia kutoka huko mbali: "Kunguni anakuomba mizunguko kumi, mwanangu." Tuliamini amechanjiwa dawa. Mimi ni mzee wa kanisa na sikupaswa kuamini mambo hayo. Niliamini, Mungu anisamehe.

Sasa basi. Askari hastaafu bila kupimwa afya, na mwaka huu zahanati yetu imepata kifaa kipya cha masikio. Unavalishwa vifuniko viwili, na kila ukisikia mlio unanyoosha mkono. Koplo Tiyamike, muuguzi wetu, alimvalisha Sajini, kisha akainama kutafuta pa kuchomeka waya. Alipoinuka alimkuta Sajini ananyoosha mkono, anashusha, ananyoosha tena, kwa utulivu na heshima zote. Kifaa kilikuwa hakijawashwa.

Binti wa watu alidhani anataniwa. Akachukua mabeseni mawili ya chuma, akasimama nyuma yake, akayagonganisha. Wagonjwa waliokuwa nje kwenye benchi waliruka. Sajini aliendelea kunyoosha mkono.

Ndivyo tulivyojua. Sajini Kalilangwe hasikii kitu, sikio la kulia wala la kushoto, tangu mwaka 2006 alipolazwa wiki sita kwa homa ya uti wa mgongo. Miaka kumi na saba! Vipimo vya kila mwaka alivivuka kwa sababu muuguzi wa zamani alisimama nyuma yake akitaja namba, na mbele yake palikuwa na kabati la dawa la vioo. Namba alizisoma midomoni mwa yule muuguzi, kwenye kioo.

Aliyemfundisha ni mkewe, Mama Enelesi. Alimkalisha mbele ya sahani ya nsima, ugali wetu, akawa anamsomea Zaburi bila kutoa sauti. Mumewe alizijua kwa moyo tangu shule ya Jumapili, kwa hiyo maneno alikuwa nayo tayari, alitafuta tu sura yake mdomoni. Mama Enelesi anasema ile ya ishirini na tatu ilichukua siku moja, ile ya mia na kumi na tisa ikachukua mwezi. Dawa ya masikio tuliyokuwa tukiinong'ona kambini ndiyo hiyo.

Na mimi je? Miaka kumi na minne nimemmiminia mtu huyu moyo wangu. Yeye aliketi stoo aking'arisha buti, mgongo kwangu, nami nikamweleza habari za mama mkwe, za ugomvi wangu na mchungaji, za mwanangu tuliyemzika. Akimaliza buti aligeuka, akasema, "Mwachie Mungu, Jailosi." Na kila mara jibu lilifaa. Juzi nimemuuliza kama alipata hata neno moja. Alicheka hadi akajishika mbavu.

"Hata moja, ndugu yangu," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Lakini buti likishang'aa sawasawa linaonyesha mtu. Midomo haisomeki mle. Machozi yanaonekana."

Habari zilimfikia mkuu wa kambi, Luteni Kanali Mtegha, na hapo mzaha ukaisha. Hapa Kaphiri mstaafu hutoka kupitia geti kubwa, katikati ya mistari miwili ya askari. Aliyelikosea jeshi hupitishwa geti la kuni, nyuma ya jiko, bila gwaride. Kanali alisema mtu asiyesikia onyo anaweza kuua watu, na hakukosea. Sajini naye hakubisha. Alisema aliogopa, hakujua kazi nyingine. Ndipo tulipokumbuka kwamba tangu ugonjwa ule alikataa mara mbili kwenda operesheni na mara moja kupandishwa cheo, kisa asiwe na roho za watu mikononi mwake. Tulimwita mwoga. Mimi pia nilimwita.

Jumatatu Kanali alikuja ukumbini. Alimwamuru Sajini atazame ukuta na kuita majina, mgongo kwa askari. Bila kumwambia, alikuwa amewatoa watu wawili kwa mlango wa nyuma. Sajini hakushika karatasi. Aliita, buti likapiga, mbao zikatetemeka chini ya nyayo zake, akaita tena. Alipofika kwa wa kwanza kati ya wale wawili alingoja kidogo, akasema, "Hayupo." Kwa wa pili vilevile. Kisha akaita jina la Chimwaza, buti likapiga, naye akasita.

"Yupo," akasema. "Ila kisigino cha kushoto kinaning'inia. Nilimwambia tangu Jumatano akipeleke kwa fundi."

Chimwaza aliinua mguu. Kisigino kilikuwa kinaning'inia.

Kanali akasema, "Sajini, utatoka kupitia geti kubwa."

Sajini hakugeuka. Alibaki ametazama ukuta, jasho likimchuruzika shingoni, akiingoja hukumu iliyokwisha kutolewa. Basi Kanali akavua kofia yake, akatembea ukumbi mzima, akazunguka hadi mbele ya uso wake, akayarudia maneno yale polepole.

Kwa hiyo wapendwa, Ijumaa saa nne asubuhi, getini. Vijana wake wameomba mbao thelathini na sita za ukumbi zikatandikwe pale kwenye njia, nami nimezitoa na kutia sahihi mwenyewe. Tafadhali tusipige makofi. Akipita mbele yako, inua mguu upige buti moja, naye atajua ni wewe.

Sajini, kwa niaba ya wote uliowanyoosha, asante. Bwana akutangulie Ntchisi, wewe na Mama Enelesi, akupe uzee wa amani na mahindi ya kutosha. Nami nina mazungumzo ya miaka kumi na minne ya kukusimulia upya. Nitakuja na kiti changu, niketi mbele yako.

Koplo Jailosi Msiska, Stoo