Friza ya Mama Magamba na Bakteria wa Bahari ya Barafu

— Elfu sitini, Mama Magamba! Siombi, nadai!

— Dai tu. Na mimi nadai samaki wangu.

— Mimi nimetengeneza friza. Samaki sikuwatengeneza mimi.

— Umetengeneza friza, friza ikaozesha samaki. Sasa niwadai akina nani, majirani?

Benchi la kijiweni ni ubao mmoja uliowekwa juu ya matofali, ukaegemezwa ukutani kwa fundi viatu, na anayekaa katikati lazima ainuke kwanza ndipo wa pembeni wainuke, la sivyo watu wanaanguka. Asubuhi hiyo aliyesimama alikuwa mmoja tu, fundi wa mafriji, jina lake la kijiweni Gesi, kwa kuwa hakuna friji aliyowahi kuitazama asiseme imeishiwa gesi. Hasira za Gesi hazijui kukaa. Ufundi alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua, kuungua na kufunga tena, na mtu akimuuliza cheti humwonyesha vidole vyake vyenye makovu. Mbele yake Mama Magamba, muuza samaki wa ng'ambo ya barabara, alikuwa anapuliza kikombe chake cha kahawa bila haraka, aproni imemetameta magamba toka kifuani hadi magotini. Kulia kwake fundi viatu, ambaye wanamwita Redio kwa sababu mbili: anayo moja isiyozimwa, na yeye mwenyewe hazimiki. Muuza kahawa, Birika, alikuwa amechuchumaa kando ya jiko lake. Hakuwa upande wa mtu. Wote ni wateja.

— Mama, nilipomaliza kazi, friza niliipima mbele yako. Iligandisha maji, haikugandisha?

— Iligandisha.

— Ehe! Baridi ile inaua kila mdudu. Nilikwambia siku ile, na leo narudia mbele ya hawa. Mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Nikisema nimesema.

— Jamani mmemsikia, Mama Magamba akawageukia wenzake. Amesema inaua.

— Inaua, Redio akathibitisha, kama vile aliwahi kuhudhuria mazishi.

Mama Magamba akafuta vidole kwenye aproni, akatoa simu.

— Basi msikilizeni mdogo wangu. Hii kaniletea juzi.

Mdogo wake walikuwa wanamjua wote. Ni mpishi kwenye meli ya watafiti, na kijiwe kizima kilimsindikiza siku anaondoka, Redio akampa soksi. Sauti ikatoka kwenye simu, nyuma yake sufuria zinagongana:

"Dada, hujambo? Huku jua limetutoroka. Wiki na wiki ni giza, saa sita mchana unawasha taa ukatafute chumvi. Hawa watafiti wanatoboa barafu, wanachota maji ya chini yake. Nikawauliza, mnavua nini humo? Wakaniambia bakteria. Tone moja tu, dada, wamejaa! Baridi haiwaui. Wale wa wakati wa giza wanajibana, wanakula mabaki na vichumvichumvi vya majini. Jua likirudi, mwani mdogomdogo unachipuka, bahari inageuka supu. Hapo ndipo wengine, waliokuwa wachache wamejificha, wanakula na kuzaana mpaka wanatawala. Mwani ukiisha, wanapungua, wanakuja wengine tena. Wanapokezana hivyo mwaka hadi mwaka. Haya, vitunguu vinaungua, wasalimie."

Gesi akaona macho yote yamehamia kwake, na shingo ikaanza kumwasha.

— Wanapokezana, Redio akasema. Nani anawapangia zamu?

— Wana msimamizi, Birika akajibu. Watu wengi hivyo hawakosi msimamizi.

— Sawa. Na jua likirudi wanajuaje? Macho hawana.

— Chakula kikishaletwa mezani, wewe unahitaji macho?

— Hayo ni ya huko! Gesi akafoka. Wa huko wamezaliwa kwenye barafu. Wa kwetu hapa wamezoea joto. Ukiwaonjesha baridi wanakufa, kwisha.

— Na samaki wangu wametoka wapi, mwanangu? Mama Magamba akauliza kwa upole wa kuudhi. Si bahari hizohizo za baridi? Maboksi yao unayaona kila siku, umekalia moja mwezi mzima.

Nyundo ya Redio ikasimama hewani. Gesi alimjua, na aliijua nyundo ile. Ikisimama hivyo, kuna neno linakuja.

— Aaa! Basi kesi imekwisha. Samaki wamekuja na wadudu wao. Maskini, wameshushwa hapa kwenye jua kali, wanakumbuka kwao, wanalia. Gesi akatokea, akawatengenezea friza. Ndugu yangu, hukuua mtu. Umewarudisha nyumbani!

— Redio, shona viatu.

— Sijamaliza. Friza ile ina taa?

— Ina taa. Mpya, nimeiweka mimi.

— Inawaka saa ngapi?

— Inawaka ukiinua mfuniko. Taa gani ya friza ina saa?

— Ndiyo yenyewe! Redio akaiweka chini kobasi aliyokuwa anaishona. Mdogo wetu kasemaje? Jua likirudi, wanakula na kuzaana. Sasa mteja kaja, Mama Magamba kainua mfuniko, taa pwa! Wale ndani wanaitana: amkeni, jua limerudi, kuleni! Mfuniko unashuka, giza, baridi imeingia, wanajibana. Mteja wa pili, pwa! Mwaka mwingine huo. Mama Magamba, kwa siku unapata wateja wangapi?

— Wengi, Mama Magamba akajibu, akijitikisa kwa maringo.

— Basi samaki wa jana ni rika la babu yangu.

Birika alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye makaa, moshi ukafuka. Gesi akauma shavu kwa ndani. Angecheka, sitini ingeondoka na kicheko.

— Dawa yake ni kung'oa taa, Birika akasema, akijifuta machozi.

— Niuze gizani?

— Wateja watapapasa.

— Na mkono wa mteja una joto, Redio akaongeza. Hapo ndipo watajua kiangazi kimefika kwelikweli. Watafanya harusi.

Hakuna aliyemjali dada mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi, mguu mmoja umevaa, mwingine uko juu ya gazeti. Alikuja kuchukua kiatu chake, akaambiwa subiri kidogo, na kwa Redio kidogo ni kirefu. Sasa akakohoa.

— Samahanini. Mimi mgeni hapa. Hiyo friza, usiku inakuwaje?

— Inakuwaje vipi?

— Inalala ikiwa imewashwa?

— Usiku? Mama Magamba akashangaa. Nazima. Nikifunga kibanda nazima, asubuhi nawasha.

Gesi akahisi damu yake yote imepanda kichwani kwa mpigo.

— Unazima! Friza imejaa samaki, unazima! Mama, nani kakutuma?

— Si wewe? Ulisema baridi inaua. Mchana kutwa nawagandisha, wanakufa. Wakishakufa, usiku niwashe nimuue nani? Umeme nalipa mimi.

— Na maji? Asubuhi hukuti maji chini?

— Nayakuta. Nilijua ndiyo wao, nilishangilia.

Safari hii hata Redio hakucheka. Gesi akafungua mdomo kumaliza kesi, maana kesi sasa ilikuwa yake: yeye hakusema zima. Kijiwe kizima kingekula kiapo kwamba hakusema zima.

Yule dada akatangulia.

— Mimi nauliza tu. Kilichowaozesha samaki ni kuzima, au ni yale maneno?

Redio akainamia kobasi, akatafuta msumari aliokuwa ameushika. Birika akafunua birika, akachungulia ndani kama jibu limezama huko. Mama Magamba alimtazama Gesi tu.

Gesi akakaa. Ubao ukalia. Neno "sikusema zima" lilikuwa pale pale kwenye ulimi, la kweli tupu, na lilikuwa linanuka. Aliwajua mafundi wa namna hiyo, wenye vyeti ukutani, wanaokuuzia maneno asubuhi na jioni wanajificha nyuma ya lile ambalo hawakulisema. Amewatukana miaka yote, kwenye benchi hilihili.

— Mimi najua samaki akiganda haozi, akasema. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Neno la kuua nililiongeza mwenyewe.

— Kwa nini? Birika akauliza.

— Linasikika vizuri.

— Lilisikika vizuri sana, Mama Magamba akakubali. Nami nikakuamini, fundi.

Tusi lingemuuma kidogo kuliko hilo. Gesi akavuta pumzi.

— Hawafi mle. Wanapoa tu, wanakusubiri uzime. Sasa sikiliza, usizime tena, usiku wala mchana. Na samaki waliooza ni wangu. Walikuwa wa shilingi ngapi?

— Themanini na tano elfu.

— Sema kweli, mama.

— Hao hapo, nenda ukawahesabu. Wanakutambua.

— Sawa. Toa sitini yangu humo.

— Nimetoa.

Redio akapiga mluzi mrefu. Dada wa kiatu akautazama mguu wake mtupu, kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

— Ona mambo, Redio akasema. Kaja kudai, anaondoka anadaiwa. Hao bakteria wana wakili!

— Wewe mpe dada kiatu chake! Gesi akamkemea, kisha akasimama, akajipapasa mifuko ya suruali mmoja mmoja, polepole. Mama Magamba, jioni nina kazi ya friji moja hapo juu. Nikimaliza nitapita kwako.

Mama Magamba akaweka kikombe chini. Akanyoosha mkono, kiganja juu, magamba mawili yamegandia kwenye kidole gumba.

— Ishirini na tano, fundi. Nipe.