Aliyechomoa Waya wa Tangi: Maneno ya Kumuaga Rosebellah

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Waswahili wa Riyadh, uliye nyuma ya ukuta huu pamoja na wanaume wenzio, unayenisikia kwa spika. Mheshimiwa mkwe wangu Bi Mwanamize, uliyekalia kiti cha mbele kama ilivyo haki yako. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Jidda, mkakaa ndani ya gari mchana kutwa kwa ajili ya mtu mmoja na sahani ya pilau. Ndugu zetu Wakenya wa mtaa wa Suwaidi mliopewa ruhusa leo Ijumaa, na nyie ambao hamkupewa lakini mmekuja. Akina mama, na watoto wote mnaokimbizana baina ya viti: Assalamu alaykum, na hamjambo.

Mie ni Wafaa, mke wa Ussi. Huyu niliyempakata ni Ziyad, mwanangu wa pili, ana miezi saba, na tangu azaliwe sijaota ndoto ikafika mwisho. Akilia katikati ya maneno yangu msidhani ananipinga. Sikusoma sana, nimeishia sekondari, na hotuba hii nimeiandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo mahali patakapopinda mjue mkono wa pili ulikuwa na nepi.

Tumeikodi istiraha hii, nyumba ya mapumziko, kumuaga Rosebellah, aliyefanya kazi nyumbani kwangu miaka minne, na ambaye Jumanne, Mungu akipenda, anarudi kwao Vihiga. Waliotangulia kusema wamemsifu chapati zake, wamemsifu upole wake, na Lydia, rafiki yake, amemsifu hata kwa namna anavyoimba akipiga pasi. Wote wamesema kweli. Lakini hakuna aliyeligusa lile neno ambalo kila mtu humu ndani amelisikia, basi nitaligusa mie. Inasemwa kwamba Rosebellah ndiye aliyeua tangi la samaki la Ussi.

Si mnalijua? Limepita kwenye simu zenu, likafika Jidda kabla ya salamu zangu za Idi. Mlimpa na jina, mkamwita Rosa Samaki, na hata mie nilicheka. Mpaka mwezi uliopita. Mdogo wake, Velma, aliyemaliza mkataba wake Hindawiyah, Jidda, alikuwa anatafutiwa nyumba nyingine ya kufanya kazi huko huko, pale Nuzha. Mambo yalishakubaliwa, hata chumba alishaoneshwa. Kisha mwenye nyumba akauliza, "Huyu si ndugu wa yule aliyeua samaki?" Halas, yamekwisha. Velma mafi kazi, hana kazi.

Ndugu zangu, tunapekuliwa mabegi uwanja wa ndege mpaka soksi, lakini neno baya nani analipekua? Sitaki lile neno lipande ndege pamoja na Rosebellah, wala sitaki libaki huku limkalie mdogo wake. Kabla sijakaa kitako mtakuwa mnamjua aliyechomoa waya.

Kwa wasiolijua tangi lenyewe: ni kioo kirefu kuliko kochi, kiko sebuleni kwetu, na ndani yake mna bahari ndogo. Mna matumbawe yanayofunguka kama maua, mna samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mna na kamba mmoja mwenye masharubu anayekaa pembeni kama bawabu. Pampu inayazungusha maji na mashine nyengine inayapoza, kwani matumbawe hayastahamili joto, nasi tumekaa Riyadh, mji ambao hata ukipanda juu ya paa, bahari huioni. Ussi alizaliwa Jidda, kazi ndiyo iliyomleta jangwani, na tangi lile huliita "Jidda yangu". Nampenda mume wangu. Ila nilipokuwa na mimba ya huyu, kila tumbawe lilikuwa lina jina kabla mtoto hajapata la kwake.

Mwezi wa Julai ikafika siku niliyotoka arubaini. Ussi alikuwa Jidda kikazi. Nyumba ilijaa wageni, viyoyozi vilikuwa vinahema kama ngamia, na Bi Mwanamize akasema kwamba nyumba ya mzazi haiwezi kupokea watu bila ya udi. Udi ukafukizwa, ukanukia mpaka ngazini. Muukumbuke huo udi, nitarudi kwake.

Baada ya Alasiri, mwanangu mkubwa, wa miaka mitatu, akaja kunambia kuwa samaki wanabusu juu. Nikamwambia vizuri, nawe wabusu. Mtu hajalala siku arubaini, mlitaka nijibu nini? Rosebellah ndiye aliyekwenda kuangalia, mikono imejaa unga. Akasimama mbele ya kioo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hizo hazibusu. Hizo zinakosa hewa."

Mnajua alikolitoa hilo? Yeye kwao ni mbali na bahari. Lakini mjomba wake Absalom alikuwa na bwawa la samaki nyuma ya nyumba, na siku za joto, upepo ukilala, samaki walikuwa wanapanda juu wakiachama vivyo hivyo, na watoto wote wa nyumba wakiitwa na ndoo wachote maji na kuyamwaga kutoka juu, yaingie hewa. Basi akalitwaa jagi la sharubati ya wageni, sharubati akaimwaga, akaanza kuchota na kumimina, kuchota na kumimina. Wageni wakadhani ni mchezo wa kikwao.

Kabla ya hapo Rosebellah alikuwa ameshapita nyuma ya tangi kuiwasha tena mashine iliyozimika. Ilinguruma kidogo, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Pampu nayo vivyo hivyo. Nikampigia Ussi. Hakuniuliza mtoto kanyonya wala wageni wamekula. Aliniuliza maji yana joto kiasi gani, nikamwambia kipimo kinasema thalathini na tatu. Kisha akatoa amri: wafu watolewe haraka wasiyaozeshe maji, barafu isitiwe ndani, zigandishwe chupa zilizofungwa zielee moja moja, kwani tukiyapoza kwa pupa tutawaua waliobaki. Na mwisho akauliza, "Nani kagusa nyuma ya tangi?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Bi Mwanamize akajibu, "Nani mwengine? Si huyu anaefagia."

Nami nilikuwepo. Nilikuwa na mtoto kifuani na jibu mdomoni. Mtoto nikamnyonyesha, jibu nikalimeza.

Siku tatu Rosebellah alilisimamia lile tangi. Sambusa zangu zote zilitolewa kwenye friza zikaliwa kwa lazima, zikaingia chupa za maji. Alitupanga zamu za jagi: mie, yeye, Lydia alipopata ruhusa, na hata wewe Bi Mwanamize, mkwe wangu, ulichota ukikaa kwenye kiti, ukiwasomea samaki Ayatul Kursi. Wanne walikufa, tukabaki na saba. Matumbawe yakafunga, mengine yakawa meupe kama mifupa. Kamba wa masharubu akajificha tusimwone tena.

Siku ya tatu Ussi akaingia na gari kutoka Jidda. Amenunua pampu mpya, amenunua na mashine mpya ya kupoza, na kwa kuwa haamini chumvi ya dukani, amebeba na maji ya bahari yenyewe. Sasa maji ya bahari utayabeba ndani ya nini? Dada yangu wa Nuzha akampa alichonacho kila mtu Jidda: madumu matupu ya Zamzam. Ishirini na mawili, yote sawasawa, meupe, na mifuniko yake. Na akaongeza mawili yaliyojaa Zamzam ya kweli, zawadi ya Bi Mwanamize. Yote ishirini na manne yakapangwa ukumbini.

Mnacheka kabla sijafika.

Siku ile ile Bi Mwanamize alikuja kutembelewa na wenzake, na mmoja ametoka Madina. Akawakaribisha kwa kilicho bora kabisa ndani ya nyumba. Wakasimama, wakaelekea kibla, wakapiga bismillahi, kila mmoja akanuia la moyoni mwake, wakanywa. Ndugu zangu, hakuna aliyetema. Nani atatema Zamzam? Macho yaliwatoka, lakini walimeza mafundo matatu kama inavyotakiwa, na yule mgeni wa Madina akafuta mdomo akasema, "Mashaallah. Safari hii yamekuja mazito."

Rosebellah aliyaona hayo kutoka mlangoni. Akaja chumbani kwangu mbio na kusimama pale kwa adabu zake zote. "Madam, wale wamama wanakunywa maji ya samaki, na wameshaomba dua. Niwaambie ama niwache imalizike?"

Nilicheka nikalia. Kicheko cha kwanza tangu nizae. Tulipokwenda kuhesabu madumu, tukakuta dumu moja la Zamzam ya kweli halimo. Ussi alishalimimina kwenye tangi.

Asubuhi yake tumbawe la kwanza likafunguka, na kamba akatoka na masharubu yake. Ussi anasema ni maji ya Jidda. Bi Mwanamize anasema ni lile dumu moja. Mie sibishani na mume wala na mkwe, ila nilimwona nani alikuwa na malengelenge kiganjani kwa mpini wa jagi. Na baada ya siku ile kazi haikwisha: ilichukua miezi miwili, kila baada ya siku mbili maji kidogo yatoke na kidogo yaingie, mpaka yale meupe yakaanza kurudisha rangi ya zambarau kutoka pembeni. Nani aliyabadilisha? Ussi alishika kitabu cha vipimo. Ndoo zilishikwa na Rosebellah.

Sasa turudi kwenye udi.

Siku ile makaa yalikuwa yamekwisha. Kuna mtu alitwaa chetezo cha umeme, akatafuta pahala pa kukichomeka, akakuta nyuma ya tangi pamejaa. Akachomoa waya mmoja, akachomeka cha kwake, akasema moyoni, dakika tano tu. Kisha mtoto akalia, naye akaenda kunyonyesha na kusahau. Waya ule ulikuwa wa pampu na mashine ya kupoza. Mtu yule anaitwa Wafaa binti yenu, aliyesimama mbele yenu.

Nasikia kikohozi nyuma ya ukuta. Ussi, subiri, sijamaliza.

Rosebellah alijua tangu mwanzo. Alipopita nyuma ya tangi alikikuta chetezo bado cha moto. Akakichomoa, akakifunga kwa taulo, akakificha chini ya nepi za Ziyad, pahala ambapo hakuna mwanamme wa nyumba ile angeweka mkono. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanambia, "Madam, umezaa juzi na hujalala. Ukianza kulia na hizi samaki zinakufa, nitashika nani kwanza?"

Nikamuahidi nitasema Ussi akirudi. Ussi akarudi amechoka. Nikasema samaki wakipona. Samaki wakapona, nyumba ikawa na furaha, nikaona nisiiharibu. Kuchomoa waya ni usahau, na mama wa mtoto mchanga anasamehewa usahau. Lakini kunyamaza miezi sita si usahau. Kunyamaza nilikuwa nakufanya kila siku, kwa makusudi, huku mwenzangu akitandika kitanda changu. Bi Mwanamize, mkwe wangu, wewe ulisema kwa kutojua. Mie nilijua. Rosebellah, mbele ya watu wote waliolisikia lile neno, nakuomba radhi.

Na wewe Ussi, leo sikuombi samaki wako wanisamehe. Nakuomba jambo moja. Huko upande wenu kuna kipaza sauti. Kiwashe.

Nangoja.

Haya, mmesikia wote? Kasema, "Rosebellah, nisamehe. Sikukuuliza." Maneno matatu, na mwanamme kukiri kwamba hakuuliza si jambo dogo. Yameingia huku, yameandikwa. Lydia, yapeleke kwenye kundi la simu sasa hivi, kama yalivyokwenda yale mengine.

Rosebellah, njoo mbele. Bi Mwanamize amekushonea kanga, utapewa. Mie nimekuletea hichi, kimefungwa kwa taulo lile lile. Ni chetezo. Kinukishe nyumba ya mama yako, na ukiulizwa kimetoka wapi, hadithi unayo. Sharti langu ni moja: kabla hujachomeka, angalia unachomoa nini. Na utakapochimba bwawa lako kama ulivyonambia, nitumie picha ya samaki wa kwanza, nimuoneshe huyu Ziyad, nimwambie mikono iliyowalisha hao ndiyo iliyomuogesha yeye.

Na yule mama wa Nuzha aliyeuliza swali lile, najua umo humu, mstari wa tatu, sikutaji jina. Swali lako sasa lina jibu. Yule msichana anaegawa maji pale mlangoni ndiye Velma. Ukitoka, simama umsalimie, upokee na gilasi. Kunywa bila ya wasiwasi, nimeyaonja mwenyewe.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu, ya huku na ya nyuma ya ukuta. Ussi, njoo mlangoni umchukue mwanao.