Hema Lisikunjwe Bichi

Kaeni chini, na asiyetaka kukaa atoke, maana sina pumzi ya kumpigia kelele mtu aliyeegemea mlango. Maree, binti yangu, zima hiyo redio. Grant, mkwe wangu, rudisha simu mfukoni, nitakufa tu hata bila kupigwa picha. Na wewe Lyall, kifungua mimba wangu, uliyesimama dirishani utadhani umekuja kusoma mita ya umeme, sogeza kiti karibu, kwa sababu mengi ya leo ni yako, na hutayapenda.

Sikilizeni vizuri. Mimi Thirza Direen, niliyezaliwa hapa hapa Meander chini ya milima hii, nasema haya nikiwa na akili zangu timamu, na daktari ameliandika hilo, ingawa Grant alimuuliza mara mbili. Nyumba na malisho ya mtoni ni ya Maree, aliyeniogesha na kunilisha miaka sita bila kununa mbele yangu. Kama alinunia jikoni, hiyo ni haki yake. Kondoo sina la kusema, mmekwisha kuwauza mkidhani nimelala, lakini lori nililisikia, maana sikio langu la kushoto bado zima.

Sasa tuje kwenye vyombo vya mlimani, hapo ndipo kesi ilipo.

Jumanne nilimsikia Grant barazani akimwambia mtu kwenye simu, "Bibi hana siku nyingi, ndugu yangu, njoo Jumamosi ujionee. Shanta ya fremu ya mti, viatu vya misumari, jiko la shaba, vyote vya kale kweli kweli." Kumbe kuna mwenye hoteli huko Hobart anataka kuvitundika ukutani, watu wavitazame huku wakila chaza. Grant, nimekuvumilia miaka ishirini na minne kwa sababu Maree anakupenda, na kipenda roho hula nyama mbichi. Lakini shanta hiyo binti yako Tamsin ameirudisha jana tu kutoka mlimani, ina matope ya juzi. Kinachofanya kazi hakitundikwi. Ukutani hutundikwa kichwa cha mnyama aliyekwisha kufa. Mtu wako akija Jumamosi, mpe chai, kisha muonyeshe barabara aliyojia.

Na hiyo chai, mpikie kwa birika la umeme, kwa sababu kopo langu la kuchemshia chai motoni mmeshaliua. Aliyelisugua kwa waya wa chuma mpaka likang'aa ajue kwamba namjua. Masizi yale yalikuwa ya miaka hamsini, na maji yalichemka humo kabla hujamaliza kukata mkate. Usimtazame mkeo, Grant. Maree hawezi, nilimlea mwenyewe.

Shanta na viatu ni vya Tamsin. Mguu wake unaingia, nimempima kwa mkono wangu. Viatu vipakwe mafuta ya kondoo, si hayo ya dukani yenye harufu ya maua, na msumari uking'oka upigwe mwingine siku hiyo hiyo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Koti la sufu la Alwyn, baba yenu, msinizike nalo. Ni zima, livaliwe.

Limebaki hema. Nyote watatu hamjaniuliza hema, na najua kwa nini. Katika nyumba hii hema huchukuliwa na kurudishwa kimyakimya, asilitaje mtu mbele ya Bibi. Basi leo Bibi analitaja mwenyewe.

Hema lile nililishona mwaka niliobeba mimba ya Lyall, kwa cherehani ya miguu ya mama mkwe wangu, mishono miwili miwili, na kila mshono nikaupitisha nta. Sheria yake pia niliiweka mimi: likirudi kutoka mlimani, aliyelirudisha alianike kambani mpaka likauke, kisha mkubwa wa nyumba alipitishe shavuni, mshono kwa mshono, kwa sababu mkono hudanganywa na baridi lakini shavu halidanganyiki, na akiridhika aandike jina na tarehe kwenye kipande cha boksi kinachofungwa kwenye mfuko wake. Bila kipande hicho, hema halikunjwi. Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hao hawakuwahi kukunja turubai bichi.

Pasaka ile, Lyall, ukiwa na miaka kumi na tisa, ulishuka na hema mvua ikinyesha. Likakaa kambani siku mbili za ukungu, kisha likakunjwa na kuwekwa bandani. Januari baba yenu akalibeba kwenda kuvua samaki kwenye maziwa ya juu, peke yake, kama alivyopenda. Asubuhi ile kulikuwa na joto, hata koti akaliacha msumarini. Mchana upepo ukageuka, ukaja wa kusini magharibi, theluji ikaanguka katikati ya kiangazi kama ifanyavyo huku, na naapa baba yenu hakuogopa, kwa sababu alikuwa na hema.

Siku ya tatu walimkuta amekufa, amejifunika nusu ya hema. Nusu nyingine ilikuwa inapepea kwenye fito. Mgongo wa hema ulipasuka kutoka mlangoni hadi mkiani, na niliposhika pale penye mpasuko, kitambaa kilikatika vidoleni mwangu, cheusi kwa koga.

Na siku ya mazishi, hapo barazani, mbele ya majirani waliokuwa na sahani za keki mikononi, nilikwambia, "Wewe ulimzika baba yako tangu Pasaka. Sisi leo tumefukia tu."

Maree akanishika mkono akasema, "Mama, basi."

Mimi nikarudia, kwa sauti, wa nyuma nao wasikie. Wewe ukaweka sahani yako chini taratibu, usivunje kitu, ukaenda zako Queensland kwenye mashamba ya miwa, na kwa miaka thelathini na moja nikawa napata salamu moja kila Krismasi. Majirani waliuliza, "Kipande cha boksi kiko wapi?" Nikasema hakikuwapo, kijana alikunja bila kupitishiwa shavu. Wakaamini. Nani angemshuku mjane siku ya msiba?

Nipe maji. Basi, yatosha.

Maree, lete jiko la shaba, hilo lililo chini ya kitanda. Jiko hili ni lako. Hakuna aliyewahi kufungua sanduku lake isipokuwa mimi, niliwaambia pampu yake inakata vidole nanyi mkaogopa. Toa jiko. Inua bati la chini. Eeh, kipande hicho cha boksi. Soma. Usinitolee macho, soma, kaka yako asikie!

"Kavu. T. Direen." Na tarehe ya Pasaka. Sasa mpe akione mwenyewe, aone na hilo doa jeupe pembeni. Ni unga.

Siku ile nilikuwa nakanda unga wa keki za kanisa. Ulikuja mlangoni, Lyall, na hema mikononi, ukaniambia, "Mama, pitisha shavu, mimi huo mgongo siuamini." Uliniambia! Nilikuwa na hasira, hata sikumbuki ya nini, nikakujibu, "Ni kavu, mbona unanisumbua?" Nikachukua penseli kwa vidole vya unga, nikaandika, na wala sikuligusa. Baada ya theluji nilikifungua kipande hicho kutoka kwenye mfuko kabla mtu hajakiona. Watu husema nyani haoni kundule. Mimi nililiona, nikalikalia.

Lakini wewe! Wewe ulijua. Ulisimama barazani na ukweli wote mdomoni, ukala keki, ukaondoka. Kwa nini hukusema? Ungesema ningekataa, tungegombana mpaka majirani wakimbie, halafu tungemaliza. Badala yake ukaniachia ushindi, na nimekuchukia kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Jibu. Sema kwa sauti, sikio hili ndilo bovu.

"Ulikuwa umeshafiwa, Mama."

Hilo ndilo jibu? Miaka thelathini na moja, na hilo ndilo jibu? Usinionee huruma ndani ya nyumba yangu! Usilie pia. Maree, mpe kitambaa. Sijaomba msamaha, na ukinipa bure nitakurudishia.

Basi sikilizeni, maana pumzi inapungua. Hema ni la Lyall. Mgongo mpya niliushona mimi, na limelala nje kila mwaka tangu hapo, halijavuja. Msiliguse kwa ndani mvua ikinyesha, maana turubai huanza kuvuja pale lilipoguswa. Mkubwa wa nyumba sasa ni wewe, na kazi ya shavu ni yako. Tamsin akishuka mlimani atakuletea wewe. Kama unataka kurudi Queensland, rudi, sikushiki. Ila shavu halitumwi kwa posta.

Kipande hicho kisichomwe moto. Kitundikwe barazani, pale pale niliposimama, majirani wakija kula keki zangu wakisome mmoja mmoja. Grant, wewe ndiye mpenda kutundika. Kazi yako hiyo.

Lyall, nenda kambani ukalilete hema. Liko nje tangu jana. Na uje na penseli.

Maree... niinue kidogo. Hapo. Mungu awape miguu mikavu, wewe na watoto wako. Awakutanishe na kuni kavu kila kibanda mtakachofika, nanyi muwaachie wengine. Awape... awape mtu wa kuwaambia ukweli mapema, asingoje kitandani kama mama yenu. Na Grant naye. Ndiyo, na Grant.

Amekuja? Mmelishika wote? Grant anasema kavu, Maree anasema kavu. Haya, lete shavuni. Mlango... sawa. Ubavu... sawa. Taratibu, Lyall, usinivutie. Linanuka moshi... vizuri. Huu ndio mgongo. Pitisha... pitisha...

Ngoja. Rudi nyuma. Hapa. Weka na lako, hapa, karibu na langu. Inama, sikuumi.

Unasikia?

Bado. Bado bichi... Ondoa hiyo penseli, siandiki. Lirudishe kambani... lirudishe, mwanangu.