Kampuni Haina Mama

Benchi la mkahawa wa Hmidu limeegemezwa ukutani, uso barabarani, na halikuwekwa hivyo kwa ajili ya mandhari. Ukikaa pale unaliona gari la askari likiwa bado kule chini kwenye mierezi, unapata muda wa kumaliza chai yako ya nanaa na kupotea. Bingwa wa kupotea alikuwa Kivuli, ndiyo maana akaitwa hivyo. Miaka yote aliyotafutwa kwa kulima bangi, kosa la kila mtu mlimani huko juu ya mji wa Ketama, hakushuka mjini hata mara moja. Binti yake aliolewa mjini Fes na yeye vigelegele akavisikia kwenye simu. Sasa msamaha umetoka, bangi ya dawa imeruhusiwa, mafuta yake yanauzwa kwenye maduka ya dawa pamoja na dawa za kikohozi, na asubuhi hiyo alikuwa anakuja afisa wa kuwaandikisha. Walitakiwa wamjibu jambo moja tu: watakuwa kampuni au ushirika?

— Kampuni, alisema Kapteni, aliyelipata jina hilo kwa kufagia meli kwenye bandari ya Tanja. Nimeuliza watu wenye akili zao. Kampuni ni mtu.

— Mtu gani? aliuliza Bubu. Huyo aliitwa Bubu kwa sababu hanyamazi.

— Mtu wa kisheria. Ana jina lake, ana akaunti yake benki, anaweza hata kukushitaki. Ila mwili hana.

— Lahaula! Jini?

— Jini wapi, we mtu! Serikali yenyewe inamtambua.

Glasi ya Kivuli ilikwama njiani kwenda mdomoni.

— Na akikamatwa?

— Wamshike wapi, na mkono hana? Wewe uko zako nyumbani unakunywa supu ya maharage, kesi ni ya kampuni.

— Subhanallah.

— Halafu hafi. Sisi tutazikwa wote, yeye yupo tu.

— Mama yake nani? Bubu alitaka kujua.

— Hana mama.

— Hana mama, hana mwili, hafi! Na Hija anakwenda?

— Akiwa na pesa, nani atamzuia?

Kivuli alisisimka mwili mzima. Duniani kumbe kuna kiumbe kisichozaliwa na mama, na serikali imekipa jina na muhuri. Yeye mwenye mama, mwenye goti linalomuuma kila theluji ikianguka, hana hata kitambulisho, maana kitambulisho kinapatikana kwa askari na kwa askari haendi mtu. Alistaajabu, na ndani ya kustaajabu kwake mlikuwa na wivu.

— Acheni kutishana, alisema Hmidu kutoka mlangoni, birika mkononi. Ushirika ndio mpango. Mnakumbuka tulivyomjengea Bubu paa? Kila mtu alikuja na mikono yake. Ushirika ndio huohuo, ila una muhuri. Kila mtu sauti moja.

— Bubu naye sauti moja? Kapteni alishtuka. Mkutano utaisha lini?

— Mimi sitaki hata sauti, alisema Bubu. Mwenyekiti awe nyumbu wangu.

— Nyumbu?

— Ana cheti cha chanjo, kina muhuri wa serikali. Nitajieni mwingine hapa mwenye karatasi.

Wakapapasa mifuko yao. Haikutoka karatasi hata moja.

— Sikilizeni basi, Kapteni alishusha sauti. Tunafungua kampuni. Kampuni inamilikiwa na ushirika. Ushirika nao unamilikiwa na kampuni. Askari akija kumtafuta mwenye shamba, anazunguka humo ndani mpaka anazeeka.

— Ya Rabi! alisema Bubu, macho yamemtoka. Na kuna watu wamekaa chini wakayafikiria haya!

Gari likanguruma kwenye kona. Bubu alikuwa ameshafika nyuma ya ukuta kabla wenzake hawajaliona vizuri. Lilikuwa gari dogo jeupe, na aliyeshuka alikuwa msichana mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Akasalimu, akaketi palepale alipopaacha Bubu.

— Mimi Ilham, ami zangu. Mmeamua?

— Ushirika wenye kampuni yenye ushirika, binti yangu, alisema Kapteni. Na nyumbu.

Ilham alicheka mpaka akashika ubavu.

— Tofauti zake nitawaeleza polepole. Lakini iwe kampuni, uwe ushirika, haviumbiki hivihivi. Lazima waanze watu. Majina yenu nani?

Hata Bubu kule nyuma ya ukuta alinyamaza. Si kwamba hawakuyajua, wamekua pamoja. Ila pale benchini kulitaja jina la mtu kulikuwa ni kumuuza, na miaka yote hiyo hakuna aliyemuuza mwenzake.

— Ami huyu anaitwaje? Ilham alimuuliza Kapteni.

— Kivuli.

— Namaanisha jina lake.

— Kivuli, binti yangu, alisema Kapteni, na mkono wake ukashuka ukamshika Kivuli gotini, kwa nguvu, kumwambia nyamaza.

Kivuli aliitazama barabara. Kama ni mtego, kuanzia leo hana pa kupotelea. Kama si mtego, barabara hii inafika mpaka Fes, mpaka mlangoni kwa binti yake.

— Bushta, alisema. Bushta bin Allal Azerkan.

Akangoja. Hakuna kilichotokea. Birika mkononi mwa Hmidu liliendelea kufuka mvuke, na upepo ukapita kwenye mierezi.

— Andika ushirika, alisema. Huyo asiye na mwili mwacheni. Mimi ninao.

Ilham akamgeukia Kapteni.

— Na wewe, ami?

Kapteni alilitazama goti la Kivuli alilolishika bure. Akaitazama barabara. Kisha akanyoosha mkono wenye glasi ya chai.

— Bushta, alisema taratibu, kwa mara ya kwanza tangu utoto wao, hebu nishikie hii glasi, nami nitaje langu.