Ufunguo kwenye Pindo la Kitenge

Kwenye basi dogo la Muleba, mbele yangu aliketi mama aliyepandia Izigo, ameshikilia pindo la kitenge alilolifunga fundo. Mzee wa kanzu kutoka Bukoba akamuuliza kama anampelekea mgonjwa dawa.

"Ni ufunguo, waitu. Mwanangu Audax amezima gari Muleba, sasa haliwaki, na wakwe wanamsubiri akajitambulishe."

Alieleza kwamba alimsindikiza kijana hadi barabarani, yeye ameketi ndani ya gari kama malkia, ufunguo ameushika mkononi maana hauna pa kuchomekwa. Akashuka nao gari likiwa bado linanguruma, kijana akaondoka.

"Na gari halikupiga kelele?" mzee aliuliza.

"Lilipiga. Nikajua linaniaga, nikalipungia mkono."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipopata pumzi akamfundisha: magari haya huwashwa kwa kitufe, ufunguo ukiwa ndani, gia iwe kwenye P, na mguu ukanyage breki ili lisije likaruka.

"Breki ni ya kusimama," mama alikataa. "Nani anasimama ili aondoke?"

"Ndiyo usalama wenyewe, mama. Na ile kelele ilikuwa onyo, haikuwa kuaga."

"Wewe hukuwepo."

Walibishana hivyo hadi Muleba, nami, ingawa nina leseni, nilikuwa upande wa mama. Basi liliposimama alishuka, akalisogelea gari jeusi la mwanawe lililoegeshwa kando, ufunguo ungali kwenye fundo. Taa zikawaka, vioo vya pembeni vikafunguka kama masikio. Mama akamgeukia mzee kwenye dirisha la basi.

"Haya, na sasa linaonya nini?"